Karatasi imeandikwa AZFc, na mke wangu bado hajui

"Assalamu alaikum daktari. Mimi ni nahodha wa boti, navusha abiria kati ya Amu na Mokowe, huku Lamu. Nina miaka 34, mke wangu 29, mwaka wa sita huu tumeoana na hatujapata mtoto. Mke wangu amepimwa kila kitu, mirija imepigwa picha mara mbili, ameandikiwa kombe la aya akanywa, amepelekwa mpaka kwa mganga wakisema ana jini mahaba. Mimi nimepimwa mwaka huu tu. Mara mbili wamesema hakuna mbegu hata moja. FSH ni 15. Wakanitoa damu ikapelekwa Nairobi, majibu yakarudi kwamba kromosomu Y ina upungufu sehemu ya AZFc, sY254 na sY255 hazikuonekana. Aliyenisomea alikuwa na haraka, akasema 'ni jeni', basi. Kitandani sina tatizo lolote. Baba yangu ana watoto 7, kaka yangu ana 4, sasa hii imetoka wapi? Ni moto wa injini? Ni muguka niliotafuna ujanani? Kuna dawa? Nikipata mtoto wa kiume naye atakuwa hivi? Mama ananiambia nioe mke wa pili. Karatasi nimeificha chini ya godoro, wiki ya tatu sasa."

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Maswali yako ni mengi lakini nikiyakusanya naona yanatoka kwenye woga mmoja: kwamba mlango umefungwa, na kwamba ni wewe uliyeufunga. Nikutoe wasiwasi kwanza, ndipo tukae tuzungumze. Hukuufunga wewe. Na haujafungwa kabisa. Karatasi ya namna hiyo ingeweza kuja na herufi a, b au c, na yako imekuja na c, ambayo ndiyo herufi inayowaachia wanaume wengi njia ya kupata mtoto wa damu yao. Si njia ya uhakika wala si ya bei rahisi, na nitakueleza ilivyo bila kuipamba.

Naanza na uanaume, kwa kuwa umeandika kwamba kitandani huna tatizo, na nahisi umeandika ukishangaa. Huku pwani tumezoea kuweka nguvu za kiume na uzazi katika kapu moja. Mwanamume akiwa na nguvu, basi kasoro itafutwe kwa mke. Mwili haufanyi hesabu hiyo. Korodani ina kazi mbili, na kila kazi ina seli zake. Kazi ya kwanza ni kutengeneza homoni ya testosteroni, ile inayoleta ndevu, sauti nzito, hamu na nguvu. Kazi ya pili ni kutengeneza mbegu, ndani ya vijirija vyembamba kama uzi vilivyojikunja humo. Kipande kilichokosekana kwako kinahusu kazi ya pili. Ya kwanza inaendelea kama kawaida. Hata manii yako kwa macho ni yale yale, kwa sababu karibu maji yote hayo hutoka kwenye tezi nyingine, na mbegu zenyewe huchukua nafasi ndogo mno. Hakuna mwanamume anayeweza kuyatazama akajua kama yana mbegu milioni 100 au hayana hata moja. Darubini ndiyo inayojua.

FSH ya 15 nayo inaingia hapa. Hiyo ni homoni inayotumwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuzihimiza korodani zitengeneze mbegu. Kazi ikienda vizuri, ubongo huhimiza kwa sauti ya chini. Kazi ikilegea, hupaza sauti. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu na 12, kwa hiyo 15 inatuambia ubongo wako umeanza kupaza sauti. Inatuelekeza pia kwamba tatizo lipo kwenye utengenezaji wenyewe. Kama ingekuwa mirija ya kutolea mbegu imeziba, kwa kawaida FSH ingekaa mahali pake na korodani zingekuwa na ukubwa wa kutosha.

Sasa hiyo AZFc. Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, ambazo ni kama juzuu za kitabu kimoja kikubwa cha maelekezo. Mbili kati yake huamua jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Y ni fupi, ina herufi kama milioni 60 tu. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Italia, Tiepolo na Zuffardi, walichunguza wanaume 1,170 wenye shida ya uzazi, wakawakuta 6 ambao mkono mrefu wa Y yao, yaani upande wake ulio mrefu, ulikuwa umekatika, na wote 6 hawakuwa na mbegu. Ndipo ikajulikana kwamba mahali pale pameandikwa jambo ambalo korodani haiwezi kufanya kazi bila yake. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, timu ya Peter Vogt huko Ujerumani iligawa eneo hilo mafungu matatu, yakaitwa AZFa, AZFb na AZFc. Herufi AZF ni kifupi cha kusema "kinachohusika na kukosa mbegu".

Kwa nini kipande kinyofoke? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ukilielewa hili mengine yote yatajipanga yenyewe.

Naamini ulisoma chuo cha Kurani kama watoto wengi wa Lamu. Ikumbuke Surat Ar-Rahman. Aya zake ni 78, na aya moja, "Fabiayyi aalaai rabbikumaa tukadhdhibaan", inarudi mara 31. Umewahi kumsikiliza mtoto anayeihifadhi kwa mara ya kwanza? Anakwenda vizuri, anafika kwenye ile aya, na ulimi unapoendelea unashika mahali pengine, chini zaidi, ambapo aya hiyo hiyo imerudi. Hajisikii kukosea, kwa kuwa alipoondokea na alipotua pameandikwa sawasawa. Aya za katikati zimerukwa. Mwalimu anagonga ubao, mtoto anarudi nyuma.

Y imeandikwa namna hiyo. Timu ya David Page ya Marekani ilipoisoma herufi kwa herufi na kuchapisha mwaka 2003, ilikuta sehemu kubwa za mkono wake mrefu ni vifungu vinavyojirudia, vingine vikifanana kwa zaidi ya asilimia 99.9, na vingine vimeandikwa vikisomeka sawa kutoka kulia na kutoka kushoto, kama neno letu "ada". Inaelekea marudio hayo yana faida. Kromosomu nyingine ziko mbili mbili, moja ikiharibika huazima nakala kwa mwenzake. Y iko peke yake, haina mwenzake wa kuazima sehemu hiyo, kwa hiyo hujisahihisha kwa kulinganisha marudio yake yenyewe. Lakini marudio hayo hayo ndiyo mahali pa kuteleza. Wakati wa kunakili, kifungu kimoja kikishikana na pacha wake aliye mbali, kila kilichokuwa katikati kinadondoka. Katika AZFc kamili kinachodondoka ni herufi kama milioni 3.5, na humo zimo nakala zote nne za jeni iitwayo DAZ, inayofanya kazi katika seli zinazozaa mbegu.

Hayo yalitokea wapi? Karibu kila mara hutokea wakati korodani za baba zinatengeneza mbegu. Baba yako ana Y nzima, na watoto 7 ni ushahidi mzuri wa hilo. Katika mamilioni ya mbegu alizotoa, moja ilinakiliwa na kuruka, na hiyo ndiyo iliyokutana na yai la mama yako. Kaka yako alitoka kwenye mbegu nyingine. Kwa hiyo halijatoka kwa babu, wala si ugonjwa wa ukoo wenu, na dada zako hawahusiki kwa lolote maana hawana Y. Hakuna alilokula baba yako au alilofanya mama yako akiwa na mimba likasababisha. Kwa jumla hutokea kwa mwanamume kama 1 katika kila 4,000. Ukichukua wanaume 100 ambao korodani zao hazitoi mbegu, wenye upungufu huu huwa kama 5 mpaka 10, na walio wengi kati yao wana c kama wewe.

Injini na muguka nitavijibu kwa kukuuliza swali. Kipimo kilichoonyesha AZFc kilichukuliwa wapi? Mkononi, kwenye damu. Joto la injini unayoikalia linaweza kuzifikia korodani, na ni kweli joto la kila siku hupunguza mbegu, lakini haliwezi kwenda kunyofoa kipande kile kile, chenye urefu ule ule, kwenye seli za damu ya mkono. Upungufu umo katika damu, ngozi na mate yako, kwa sababu ulikuwemo tangu ulipokuwa seli moja. Muguka nakushauri uache kama bado unatafuna, kwa ajili ya usingizi na moyo na mfuko wako, na sigara pia. Ila usijihukumu kwamba ndivyo vilivyokufikisha hapa. Na watakaokwambia umefungwa kwa uchawi, waulize kama kifungo kingeweza kupita kwenye Y yako kikateua palepale panapojulikana tangu 1996. Dua ni haki yako na sina la kusema juu yake. Pesa za mganga ndizo ninazokusihi uzizuie, maana utazihitaji.

Tuitazame karatasi yenyewe. Toa chini ya godoro uisome tena. Maabara hutafuta alama fulani kwenye Y, moja moja. Alama za sY84 na sY86 ni za AZFa. Alama za sY127 na sY134 ni za AZFb. Za AZFc ni sY254 na sY255. Kisha lazima kuwe na alama za kushuhudia kwamba kipimo kimefanya kazi, SRY na ZFY. Kwako, nikichukulia ulivyoandika, alama za c hazikuonekana zote mbili. Angalia kama za a na b zimeandikwa kuwa zipo, na kama SRY imeandikwa kuwa ipo. Karatasi ikiwa haina SRY wala ZFY, au ikiwa ni alama moja tu kati ya mbili iliyokosekana, omba kipimo kirudiwe kabla ya kuamua lolote. Pia waulize kama wamepima sY160, alama iliyo mbele zaidi. Ikiwa nayo haipo, huenda mkono wa Y umekatika mpaka mwisho, na mazungumzo yetu yatabadilika kidogo.

Kwa nini nang'ang'ania a na b? Kwa sababu mwanamume aliyepoteza AZFa yote au AZFb yote hatuombi apasuliwe. Wa kwanza kwa kawaida hana kabisa seli za kuanzia mbegu, wa pili anazo lakini mbegu husimama katikati ya kukua. Miaka yote hii ya kutafuta, kupatikana mbegu kwao ni karibu na sifuri, na anayewachukulia pesa kwa upasuaji anawadhulumu. Wenye b na c kwa pamoja hali yao ni hiyo hiyo. Wenye c peke yake ni habari nyingine. Baadhi yao wana mbegu chache kwenye manii, kwa kawaida chini ya milioni 2 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha kawaida kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni milioni 16. Wasio na mbegu kwenye manii, wakipasuliwa na mkono wenye uzoefu, karibu nusu yao hupatikana mbegu ndani ya korodani.

Nusu, ndugu yangu. Nusu wanapata na nusu hawapati, na hakuna kipimo cha damu kitakachokuambia mapema uko upande gani. Mwenzangu yeyote akikuahidi zaidi ya hapo, muulize anajuaje.

Dawa. Hakuna kidonge, sindano, asali, mdalasini wala unga wa mizizi unaoweza kuandika upya herufi milioni 3.5. Vitamini hazitakudhuru sana ila zitakumalizia akiba. Kuna jambo moja nakuonya kwa nguvu zangu zote: usikubali kudungwa testosteroni. Nimepokea wanaume waliopewa sindano hizo "kuongeza mbegu". Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, huacha kuzihimiza korodani, na hata zile mbegu chache zilizokuwa zikitengenezwa husimama. Kwa mtu mwenye c, ambaye huenda ana vijikundi vichache tu vya mbegu vilivyobaki, miezi kadhaa ya sindano hizo ni hasara kubwa. Ziko pia dawa nyingi za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani bila maelezo ya kilichomo. Ziache kabisa.

Hatua ya kwanza haina kisu. Rudia kipimo cha manii, na safari hii omba maabara iyazungushe kwenye mashine mpaka yatulie chini, kisha wakague mashapo yale kwa darubini, tone baada ya tone. Nimewahi kukaa kando ya fundi wa maabara anayejua kazi hii. Anasogeza kioo milimita kwa milimita, mstari kwenda, mstari kurudi, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga kabla maji hayajajaa. Inachukua muda mrefu. Maabara yenye foleni huangalia mara moja na kuandika "hakuna". Zikionekana hata 5 au 10 zilizo hai, hizo ni za kugandishwa siku hiyo hiyo, na huenda hutahitaji kupasuliwa. Toa sampuli palepale maabara, baada ya siku 2 hadi 7 za kujizuia. Usiitoe nyumbani ukaivusha kwa boti. Kuna kijana aliwahi kuniletea yake ndani ya boksi la barafu la samaki, akiamini anaihifadhi. Baridi ile huzilemaza mbegu zisitembee, na kazi nzima ikabidi ianze upya.

Kisha uchunguzwe kwa mkono na daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume: ukubwa wa korodani, mishipa iliyovimba juu yake, kovu la ngiri la utotoni. Ukiwa na busha liseme, usilionee haya. Huku kwetu matende na mabusha yamekuwepo miaka mingi na sisi madaktari tumeyazoea. Kichocho nacho, kama ulipata kukojoa damu ulipokuwa mdogo, kitaje. Mtu anaweza kuwa na upungufu wa AZFc na jambo la pili linaloongezea, na hilo la pili huenda linatibika. Mwisho upimwe kromosomu zote 46, kipimo tofauti na kile ulichofanyiwa, kwa sababu baadhi ya wenye Y iliyonyofoka wana seli nyingine ambazo zimeipoteza Y yote.

Mbegu zisipoonekana kwenye manii, ndipo kuna upasuaji unaoitwa mikro-TESE. Unalazwa usingizi, korodani inafunguliwa, na daktari anatazama vile vijirija kwa darubini ya chumba cha upasuaji. Vingi huwa vyembamba na vimenyauka. Hapa na pale huonekana kimoja kinene kidogo, cheupe, na hicho ndicho kinachochukuliwa na kupelekwa kwa mtu wa maabara aliye chumba cha pili akisubiri. Mbegu zikipatikana, zinaingizwa moja moja ndani ya mayai ya mkeo kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Njia hiyo inaitwa ICSI, na taarifa za watoto wa kwanza waliozaliwa kwayo zilitoka Brussels mwaka 1992. Mbegu za mwenye upungufu wa AZFc zinaweza kurutubisha yai na kuleta mtoto mzima. Lakini kila hatua ina mchujo wake: si kila yai litarutubika, si kila kiinitete kitashika, na wengi hurudia zaidi ya mara moja. Huduma hizi kwa hapa kwetu zimejikusanya Nairobi na kwa kiasi fulani Mombasa, na gharama yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Omba bei yote kwa maandishi, dawa za mkeo zikiwemo, na uulize daktari mwenyewe amefanya mikro-TESE ngapi. Uliza pia ikiwa wanagandisha mbegu zinazobaki. Upasuaji unaweza kuijeruhi korodani na kushusha testosteroni, kwa hiyo usipasuliwe mahali ambapo wakizipata hawana pa kuziweka.

Muda una maana kwa sababu mbili. Mkeo ana miaka 29, umri mzuri, na mayai huanza kupungua kwa kasi baada ya 35. Na kwa wenye AZFc mbegu huweza kupungua kadiri miaka inavyokwenda. Sikuambii ukimbie kesho. Nakuambia usizungushwe na miti shamba miaka mingine mitatu.

Mtoto wa kiume, ndiyo, atakuwa na upungufu huo huo. Y yako ni moja na huna nyingine ya kumpa, kwa hiyo kila mwana wa kiume utakayempata kwa njia hii atairithi ilivyo. Wa kike atachukua X yako na hatakuwa nao. Huyo wa kiume anatarajiwa kukua kama ulivyokua wewe, acheze, asome, avushe boti, na akifika umri wa kuoa akutane na swali hili hili. Tofauti ni kwamba wewe utalijua. Unaweza kumwambia akiwa kijana, apimwe mapema, na mbegu zikiwepo chache zigandishwe mapema. Kuna wazazi wanaoomba vihamishwe viinitete vya kike peke yake. Kuna wanaosema mwana ni mwana, na elimu itakuwa imesonga. Nimeona familia zikichagua hivi na hivi, na sioni kwamba daktari ana haki ya kuwachagulia. Kabla ya kuamua, keti na mtaalamu wa vinasaba, hasa kama kile kipimo cha kromosomu 46 kitaonyesha seli zisizo na Y, maana hapo kuna hatari nyingine kwa mtoto ambazo mnatakiwa kuzijua.

Upande wa dini wengi huniuliza kwa kunong'ona, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza. Al-Azhar ilitoa fatwa mwaka 1980 kwamba kurutubisha yai nje ya mwili kunaruhusiwa pale mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na ndoa ipo. Mbegu ya mtu mwingine wanazuoni wa Sunni kwa wingi wao wanaikataza. Zungumza na sheikh unayemwamini, na umpe maelezo kamili. Mbegu zisipopatikana, iko kafala, kulea mtoto bila kumwondolea nasaba yake, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua. Wako wanaokaa wawili na maisha yao yana heri. Hakuna haja ya kuyaamua hayo wiki hii.

Nimebakisha la mama yako na la godoro.

Mke wa pili hatabadilisha chochote. Ukioa wa pili, wa tatu au wa nne, Y unayokwenda nayo ni hiyo hiyo, na utakuwa umeongeza mwanamke mwingine wa kupigwa picha za mirija na kuulizwa ana jini gani. Mambo ya ndoa ni yako na dini yako. Mimi nasema tu usioe kwa sababu hii.

Na mkeo, ndugu yangu. Miaka sita mavyaa wake anamtazama tumbo. Amelala kwenye meza ya eksirei mara mbili, na wanaolifahamu jambo hilo wanajua maumivu yake. Amekunywa kombe kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Kila siku karatasi inayokaa chini ya godoro, ndiyo siku nyingine anayolala juu ya jibu lake bila kulijua. Wewe hukumdanganya, hukujua. Sasa unajua. Mwambie usiku mmoja mkiwa wawili tu, kabla ya mama yako na kabla ya kaka yako. Unaweza kusema hivi: "Majibu yangu yamerudi. Tatizo liko kwangu, nilizaliwa nalo, na wewe huna kosa. Daktari anasema iko njia, nataka twende pamoja." Kisha unyamaze umwachie nafasi. Anaweza kulia, anaweza kukasirika kwa miaka ile. Ana haki ya vyote, na ana haki ya kuamua pia. Wengi niliowaona wakiambiwa ukweli na waume zao walishika mkono. Wasioshika walihitaji muda. Mama yako ataambiwa baadaye, kwa maneno mtakayokubaliana nyinyi wawili, na ni wewe utakayeyasema, si yeye.

Usisubiri ratiba hii yote ikiwa utahisi uvimbe mgumu kwenye korodani, maumivu makali ya ghafla, damu kwenye manii, matiti kuvimba, au kichwa kuuma huku macho yakififia pembeni. Wanaume wasio na mbegu wana hatari kubwa kidogo ya saratani ya korodani kuliko wengine, kwa hiyo jipapase mara moja kwa mwezi baada ya kuoga maji ya moto. Na ikiwa hulali, huli, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, nenda hospitali siku hiyo hiyo umwambie daktari maneno hayo hayo. Wiki tatu ukiwa peke yako na siri ya namna hii ni nyingi.

Mkiwa tayari kuvuka, mje wote wawili. Lete karatasi ya Y, majibu mawili ya manii, homoni zako, na zile picha za mirija ya mkeo, maana zikiwa safi hatutamrudisha tena kwenye meza ile. Mwambie aandike tarehe za hedhi zake za miezi mitatu. Basi la alfajiri kutoka Mokowe litawafikisha Malindi mchana, na kama barabara ya Witu imechelewesha msafara, msikate tamaa mkarudi. Wanaotoka Lamu mimi huwasubiri.